Katoni ya Pudre Niliyonunua Mapema

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nimeona volkano ikishuka hadi kwenye kiwanja changu na kugeuza mbao zangu zote majivu, na baada ya wiki moja nilikuwa nimesimama juu ya jiwe lake, jiwe lenyewe bado linanichoma kisigino, ninawauzia watu mbao za kujengea tena. Nimeona barabara ya Beni ikifungwa na kufunguliwa mpaka nikaacha kuuliza sababu. Niliingia mji huu ninasukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, imebeba makala ya kupikia kutoka Kibati, na masomo yangu ni ya mwaka wa nne wa shule ya msingi, na huo wa nne wenyewe sikuumaliza. Leo niko na depo ya mbao hapa Mabanga, niko na lori, na watu wenye diploma wananiita bosi. Na jambo lingine: tangu nianze biashara sijawahi kulipa bei ya kwanza. Hata jeneza la baba yangu, Mungu amlaze pema, nililipunguza bei, na fundi alinishukuru.

Ninasimulia haya kwa sababu watu wananiuliza nilifanyaje mpaka binti yangu akaingia medisini, kusomea udaktari. Nilifanya mapema. Hiyo ndiyo siri yote, lakini nitaeleza.

Binti yangu alikuwa mwaka wa tatu wa umanite, yaani sekondari, amebakiza mwaka mmoja kabla ya diploma. Kila siku, nyuma ya masomo, akishatoka shule, alikuja depo kuniandikia fakture, zile risiti za wateja, kwa sababu mkono wangu unaelewana na mbao kuliko na bic. Siku moja alimaliza kumwandikia mteja, akafunika bic yake, akasema:

“Papa, niko na neno.”

“Sema.”

“Kwa kuingia medisini kuna konkur. Ni mutihani yao wenyewe, hata kama uko na diploma. Hesabu, kemia, biolojia, Kifaransa. Batoto wanaendaka wengi sana, wanakamata kidogo tu. Wale wanapitaka, wanaanzaka kujitayarisha mwaka moja mbele. Na mimi nataka nianze sasa.”

“Huyu njo mutoto wangu kabisa!” nikamwambia.

“Kwa hiyo, papa, nilikuwa nataka kuomba, nyuma ya masomo...”

Nilishasimama kutafuta kofia yangu. Alilotaka kuongeza sikulihitaji. Neno kubwa nilikuwa nimelipata: kuanza mbele. Hilo ni neno langu mimi. Mbao unainunua ikiwa mbichi, wakati hakuna mtu anayeitaka, unaiacha ikauke kwako, na siku wengine wanapoanza kukimbia huku na huku wewe umeketi. Nikaona chuo kikuu na chenyewe ni hivyo hivyo. Kuna dosie ya kupeleka, yaani faili la karatasi zote za kuombea nafasi. Tuikaushe mapema.

Tulianza na picha za pasipoti. Nilimwambia mpiga picha kwamba mimi sinunui rejareja, nikamfanyisha picha za kutosha kufunika meza. Binti alikuwa amesuka nywele, na kwenye kipaji cha uso alikuwa na chunusi. Katika picha zote chunusi ilitoka vizuri.

“Papa, mwaka kesho nitakuwa na sura ingine.”

“Sura ni ya mama yako. Haibadilike, mimi naijua.”

Kisha tukaenda kutafuta cheti cha mwenendo mwema, ile karatasi ambayo Leta, yaani serikali, inashuhudia kwamba mtu si mwizi. Karani alikuwa baba mmoja wa upande wa Bukavu, mpole, na tai shingoni katika joto lile. Alisoma, akapiga muhuri, akanyoosha karatasi mezani bila kuiachilia.

“Papa, mutoto anaingia iniversite lini?”

“Mwaka kesho. Labda kisha mwaka kesho.”

“Hii inakufaka kisha miezi tatu.”

“Mwenendo yake muzuri inaisha kisha miezi tatu?”

“Karatasi njo inaisha, papa. Mwenendo, hiyo muangalie wenyewe nyumbani.”

Nikamwomba anipigie mbili, ili ya kwanza ikifa nyingine iwepo. Aliniangalia, akapiga ya pili. Kote huko nilikwenda na binti, kwa sababu mabiro, yaani ofisi za Leta, yanazungumza Kifaransa na mimi Kifaransa changu ni cha bei na vipimo. Siku moja biro, siku nyingine kupiga kopi, siku nyingine kurudi kwa sababu mwenye muhuri alikuwa ametoka na muhuri. Njiani alishika daftari la kemia mkononi. Nilimwambia asisome akitembea, pikipiki zitamgonga.

Tulifika hata kwenye chuo chenyewe, kwa apariteri, ambaye kazi yake ni kuandikisha wanafunzi. Mimi najua namna ya kuweka kitu upande. Ukitaka sementi ya wiki ijayo unamwachia mwenye stoo avansi, pesa ya kutanguliza, anaandika jina lako juu ya mifuko, na hakuna mtu atakayeigusa. Nikaweka bahasha mezani.

“Hiyo ni nini, muzee?” apariteri akauliza.

“Avansi. Munamuwekea nafasi mutoto huyu. Ingine tutamaliza akileta diploma.”

Apariteri akamgeukia binti, akamwuliza kwa Kifaransa. Binti akajibu akiangalia viatu vyake. Kisha yule bwana akarudisha bahasha kwa kidole kimoja.

“Muzee, hapa nafasi haiwekewe avansi. Akuje na diploma yake, afanye konkur, apite.”

“Na kama nafasi zinaisha?”

“Zinaishaka kila mwaka. Njo maana ya konkur.”

Nilirudi nimeridhika, kwa sababu sasa alikuwa ananijua kwa sura. Nikamwambia binti hivyo. Alisema: “Ndiyo papa, anakujua.”

Kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote, lakini, ni ya pudre. Hapa kwetu mtoto akipita mtihani mkubwa, watu wanamwagia kichwani ile pudre nyeupe ya kupaka watoto wachanga, mpaka anafanana na mtu aliyetoka kusaga unga. Siku matokeo yanatoka, mitaa ya Majengo na Mabanga inakuwa nyeupe, na wenye vibanda wanazidisha bei asubuhi, wanazidisha tena saa sita. Mimi niliona upuuzi huo miaka mingi nikacheka. Mwezi ambao hakuna hata mtoto mmoja anayefikiria matokeo, nilikwenda kwa muuzaji wa jumla, mtu wa kwetu Butembo, nikanunua katoni nzima. Akaniuliza kama mke wangu amezaa mapacha. Nikaweka katoni nyuma ya depo, chini ya tole, kipande cha bati, mahali pakavu, nikawaambia wafanyakazi: “Hii ni ya kazi kubwa. Musicheze nayo.”

Nafikiri Mungu alinibariki kwa kuona mbali, kwa sababu tangu msimu ule mbao zangu zilianza kupendwa kwa namna mpya. Wateja walikuwa wanainamia rundo na kunusa.

“Bosi, hizi mbao zako, mbona zinanuka muzuri hivi?”

“Ni za msitu wa juu,” nikawaambia. “Kule hewa ni ingine.”

Mama mmoja aliyenunua za kutengenezea kabati alirudi kuchukua za kitanda, akasema nguo zake zinanukia bila kufuliwa. Nikaongeza bei kidogo. Mwenzangu mwenye depo jirani alituma mtu kunusa.

Basi, mambo yalikuwa yanakwenda hivyo, dosie imekauka, pudre iko tayari, ndipo bulletini ya nusu mwaka, karatasi ya alama zake za shule, ikafika. Binti hakunionyesha. Aliyenionyesha ni mke wangu. Mke wangu ni mtu wa upande wa Bukavu, anaimba sauti ya kwanza katika kwaya ya parokia, na nyumbani pia. Aliweka bulletini mbele ya sahani yangu ya fufu. Kemia ilikuwa imeandikwa kwa bic nyekundu, hesabu vile vile.

“Soma.”

“Unajua sisomake.”

“Rangi je, unaionaka?”

Nikamega fufu.

“Papa wa batoto, unamutembeza mutoto mu mabiro sawa kipande ya mbao ya kuonyesha wateja. Akitoka biro, anakuandikia fakture mpaka giza. Nyumbani, umeme hakuna. Saa ya kusoma njo ni gani?”

“Dosie iko tayari.”

“Dosie njo itaingia kufanya konkur?”

Nilimwomba aniongezee fufu.

Kesho yake binti alifika depo kama kawaida, lakini hakupita nyuma ya meza. Alisimama upande wa wateja, na mfuko wake wa shule begani.

“Papa, leo mimi ni kliya.”

“Kliya anataka nini?”

“Nataka kununua nyuma ya masomo. Zote, tangu Jumatatu mpaka Jumamosi. Kuko batoto wanajifunza pamoja mu sale ya mikutano ya parokia, Majengo, na mwanafunzi moja wa medisini anatusimamia. Njo ile nilikuwa nataka kukuomba siku ile ulitafuta kofia.”

Wafanyakazi waliacha misumeno. Nikaketi sawasawa.

“Bidhaa hiyo iko na bei.”

“Nasikia.”

“Nakupa mbili. Jumanne na Alhamisi.”

“Papa, hiyo ni bei ya kwanza. Ulinifundisha nini juu ya bei ya kwanza?”

Mmoja wa wapasua mbao akacheka. Nikamwangalia, akashika kazi.

“Tatu,” nikasema. “Na Jumamosi unabaki hapa.”

“Sita.”

“Ine. Unajua hapa nitabaki na nani wa kuandika?”

“Kwa ine nitashindwa, papa. Na nikishindwa nitabaki hapa hapa nakuandikia fakture mpaka niote mvi, na mahari hautaiona. Hesabu wewe.”

“Ine, na nakununulia taa ya jua.”

“Aksanti, bosi. Naenda kuuliza depo ingine.”

Akageuka. Sasa niseme kitu ambacho nilimfundisha mimi mwenyewe. Mteja anayeondoka polepole anataka umwite; mwache aende, atarudi. Anayeondoka mbio anaondoka kweli. Binti yangu aliondoka mbio. Alishavuka rundo la mbao za paa, amefika karibu na barabara, mfuko unampiga mgongoni, na nikaona kwamba hageuzi shingo.

“Kliya!” nikaita. “Kliya, rudi!”

Alirudi, anapumua.

“Tano,” nikamwambia.

“Papa, nilikuwa karibu kukubali tano. Lakini sasa umeniita.”

“Sita,” nikasema. “Na taa ya jua.”

Watu wanaosimulia habari hii Mabanga wanasema nilishindwa na mtoto. Hawajui biashara. Aliyenishinda alitumia ujuzi wangu, kwa hiyo mshindi ni mimi kwa pande zote mbili.

Tangu siku hiyo fakture niliandika mwenyewe. Sikujifunza Kifaransa; nilichora. Mbao ndefu ni mstari mrefu, fupi ni mstari mfupi, tole ni mistari yenye mawimbi. Mtu mmoja wa biro kubwa alirudi kuniuliza kama mstari mfupi pale chini ni mbao au ni bic imeteleza. Nilimwambia ni mbao. Akalipa. Binti alikuwa anapita jioni akitoka parokia, anaangalia michoro yangu, anasema “Papa, muzuri sana,” na anakwenda nyumbani kuwasha taa yake.

Mwaka ukazunguka hivyo. Kemia ikarudi rangi ya bluu, hesabu ikafuata. Akafanya egzeta, mtihani wa Leta, na matokeo yalipotoka kwenye simu mke wangu alipiga kigelegele kilichofika mpaka kwa mwenye depo jirani. Majirani walikuja mbio, kila mmoja na kopo lake la pudre. Binti akasimama mlangoni, mikono juu ya kichwa.

“Hapana! Mungoje. Diploma ni kwa kufungua mulango tu. Pudre ni ya konkur.”

“Mutoto huyu!” mama jirani akasema. “Unaogopa kuchafuka?”

“Naogopa kuoga mara mbili, mama. Maji iko wapi?”

Hapo walikubali, kwa sababu bomba la mtaa wetu lilikuwa halijatoa kitu tangu wiki iliyopita. Mimi pia nilikubali. Nilifikiria katoni yangu chini ya tole, nikaona inazidi kupanda thamani.

Kisha tukatoa dosie. Binti wa kwenye picha alikuwa na misuko na chunusi na mashavu. Binti aliyeketi mbele yangu alikuwa na nywele fupi na shingo ndefu. Vyeti viwili vya mwenendo vilikuwa vimekufa vyote, tena siku moja, kama karani alivyosema. Binti alikwenda peke yake asubuhi moja, akarudi saa sita na kila kitu kipya.

“Karani anakusalimia,” akaniambia. “Ameuliza mwenendo yangu inaendelea namna gani.”

“Ulimujibu nini?”

“Nilimuambia haiyakufa.”

Katika dosie ile ya mwisho, kitu kilichotoka kwangu ni farde ya kuwekea karatasi, ya plastiki ngumu, yenye kifungo. Hakuna mtoto mwingine aliyekuwa na farde kama ile. Siku ya konkur nilimsindikiza mpaka kwenye ukuta wa chuo. Apariteri alikuwa mlangoni, akaniona, akaweka mikono nyuma ya mgongo. Nilimsalimia. Wazazi wengine walikuwa wanasali; mimi niliangalia madirisha yao, mbao mbichi, zimeshaanza kujipinda.

Siku ya matokeo mke wangu na binti ndio waliokwenda kuangalia kwenye valve, ule ubao ambapo majina yanabandikwa. Mimi nilibaki depo. Niliwaambia nina mteja. Mteja hakuwepo. Nilipanga mbao zilizokuwa zimeshapangwa, kisha nikazipanga tena upande mwingine, mpaka simu ikalia. Kulikuwa na kelele nyingi ndani yake.

“Papa!”

“Nasikia.”

“Niko ndani!”

“Ndani ya nini?”

“Ya liste, papa! Jina yangu iko! Tuko nakuja na pikipiki, uko wapi?”

“Niko hapa hapa,” nikasema, na sauti yangu ilitoka ndogo, kwa sababu ya vumbi la mbao.

Nikaenda nyuma, nikainua tole, nikavuta katoni. Ilikuja haraka sana, mpaka nikakaribia kuanguka. Nikachukua kopo la kwanza: jepesi. La pili, jepesi. Nikafungua yote, nikayageuza juu chini, na kutoka la mwisho kukatoka wingu dogo, likapotea. Nyuma yangu misumeno ilikuwa imenyamaza.

“Nani alikula pudre?”

Mpasua mbao mzee kuliko wote alitoa kofia.

“Bosi, ni uzi.”

“Uzi gani?”

“Ule tunapigiaka mistari juu ya mbao mbele ya kupasua. Zamani tulikuwa tunauchovya mu ule unga mweusi wa pile, zile betri za redio. Sasa watu wako na simu, pile hazionekane. Na juu ya mbao nyekundu, nyeupe njo inaonekana muzuri.”

“Tangu lini?”

“Tangu uliileta, bosi. Ulisema ni ya kazi kubwa. Tukasema, bosi anafikiriaka sisi.”

Nikainamia rundo lililokuwa karibu, nikanusa. Nikawakumbuka wateja wote niliowaeleza juu ya msitu wa juu na hewa yake. Nikamkumbuka yule mama wa kabati. Sikushangaa. Niliketi kidogo tu juu ya katoni, ikabonyea.

Ndipo nikasikia honi za pikipiki zinapanda kutoka barabara kubwa, nyingi kwa pamoja, na sauti ya kwanza ya mke wangu juu yake. Nikaamka. Pale kwenye kona kuna mama mwenye kibanda. Tumezoeana miaka na miaka, yaani tumegombana juu ya bei ya kila kitu, hata kiberiti. Nilifika kwake ninakimbia, na mimi sikimbiangi.

“Mama, pudre. Iko ngapi?”

Aliniangalia, akaangalia barabara, akaelewa. Alitaja bei yake ya kwanza, akaweka mkono kiunoni, tayari kwa kazi. Nilikuwa nimeshaweka pesa mezani na kuchukua kopo.

“Papa!” akaniita nyuma. “Hauulize ya mwisho?”

Sikugeuka. Pikipiki ya mbele ilikuwa imefika mlangoni mwa depo, na binti alikuwa anashuka, anacheka, analia, amekumbatia farde yangu yenye kifungo. Aliinamisha kichwa mwenyewe. Nilimwaga kopo lote, mpaka kwenye masikio, mpaka likagonga tupu. Akanikumbatia, na shati langu likawa jeupe, na alikuwa ananukia kama depo yangu.

“Papa,” akasema ndani ya shati, “katoni iko wapi?”

“Iko kazini,” nikamwambia.

Minerval, yaani karo ya chuo, na vitabu na koti jeupe, hizo ni biashara za baadaye, na huko nitaketi na wahusika tuelewane. Ninayoizungumzia hapa ni siku ile moja, kopo lile moja, bila kubishana: faranga elfu sita na mia tano.